Mfereji uliozeeka kwa miaka 29

Kila masika yakianza na barabara zikafumuka mashimo, kuna picha moja huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kushoto ni mawe meusi ya Via Appia, nje kidogo ya Roma, yametulia kama yalivyopangwa. Kulia ni lami ya mwaka juzi imemeguka, bodaboda inatafuta pa kupita. Chini wameandika: Warumi miaka 2,000, sisi mvua moja. Nami hucheka kama wengine. Lakini picha ile inadanganya, tena inatufanya tuwasifie Warumi kwa jambo ambalo wenyewe wangelishangaa.

Kwanza, uzito. Sheria za karne ya 4 ziliweka kikomo cha mzigo kwenye magari ya usafiri wa serikali. Gari zito kabisa, lile la kukokotwa na maksai, halikuruhusiwa kubeba zaidi ya ratili 1,500 za Kirumi, ambazo ni kilo 490 hivi. Nusu tani. Huku kwetu, lori lenye tela linaruhusiwa kupita kwenye mizani za Jumuiya ya Afrika Mashariki likiwa na hadi tani 56. Yapitishe malori hayo mia kila siku juu ya mawe ya Appia, halafu mwakani tupige picha nyingine.

Na mawe yenyewe hayakuwapo tangu mwanzo. Kiongozi wa Roma Appius Claudius alipoianzisha barabara hiyo mwaka 312 KK ilikuwa ya changarawe, na kipande kifupi cha kwanza kupangwa mawe, karibu na lango la mji, kilisubiri miaka 15 na zaidi. Dola ilipofikia kilele ilikuwa na zaidi ya km 80,000 za njia kuu, nyingi zikiwa za changarawe iliyoshindiliwa, mgongo umeinuliwa katikati ili maji yamwagikie mitaroni. Leo tunapiga picha vipande vilivyobaki. Vilivyokwisha havina wa kuvipiga picha. Kando ya njia hizo zilisimamishwa nguzo za mawe za kuhesabia maili, na kwenye nyingi kati ya hizo Kaisari fulani anatangaza kwamba ameitengeneza upya barabara iliyokuwa imeharibika kwa uzee. Barabara isiyoharibika haihitaji bango la ukarabati.

Hata raha ya kusafiri juu yake tunaitia chumvi. Mshairi Horace alipita Via Appia mwaka 37 KK. Alipofika kituo cha Forum Appii maji ya kunywa yalikuwa mabaya hata akalala bila kula kwa kulihofia tumbo lake. Kutoka hapo abiria walizoea kupanda mashua usiku, kwenye mfereji uliopita sambamba na barabara katika mabwawa ya Pontine, mashua ikivutwa na nyumbu aliyetembea ukingoni. Mbu na vyura wakamnyima usingizi. Mwenye mashua, kalewa, akamfunga nyumbu kwenye jiwe, akalala chali akikoroma. Kulipopambazuka abiria wakagundua hawajasogea hata kidogo. Mmoja akaruka nje, akavunja fimbo, akawacharaza nyumbu na bwana wake. Hiyo ndiyo barabara iliyoitwa malkia wa barabara zote.

Hapo atatokea wa kuniambia habari ya zege. Ni kweli: mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walieleza kwamba vipande vyeupe vya chokaa vinavyoonekana ndani ya zege la Kirumi havikutokana na uzembe wa kuchanganya. Maji yakipenya kwenye ufa huiyeyusha chokaa ile, nayo huganda upya na kuuziba. Sina ugomvi na utafiti huo. Nina ugomvi na hitimisho linalobebwa mitandaoni, kwamba Warumi walijenga mara moja wakaenda zao, na zege likajitunza lenyewe.

Upande wa mashariki wa Roma kuna lango liitwalo Porta Maggiore. Ni matao mawili makubwa yaliyobeba mifereji miwili ya maji, mmoja juu ya mwenzake: Aqua Claudia chini, Anio Novus juu. Kwenye uso wa lango kuna maandishi matatu, kila moja chini ya jingine. La juu ni la Kaisari Claudius, mwaka 52, anajisifu kwa kuyaleta maji hayo mjini. La kati ni la Vespasian, mwaka 71: ameyarudisha maji ya Claudius, yaliyokuwa yamekatika na mfereji wake kubomoka kwa muda wa miaka tisa. La chini ni la mwanawe Titus, mwaka 81: ameyaleta tena kwa mfereji mpya, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umebomoka tangu chanzoni kwa uzee. Wote watatu, kwa njia, wanasema walilipa kwa fedha yao wenyewe. Wanasiasa ni walewale.

Tupige hesabu. Mmoja wa miradi mikubwa kuliko yote ya wakati wake, uliojengwa na watu tunaowaita mabingwa, ulifanya kazi miaka kumi, ukalala tisa, ukatengenezwa, na baada ya miaka kumi mingine ukatengenezwa tena. Uzee wa miaka 29! Mkandarasi wa leo akitoa kisingizio hicho angeitwa mbele ya kamati ya bunge. Kilichoitofautisha Roma ni kwamba mfereji ulipokufa palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuufufua.

Mtu huyo tunamfahamu kwa jina. Mwaka 97 Kaisari Nerva alimkabidhi usimamizi wa maji ya mji Sextus Julius Frontinus, mzee aliyekwisha kuwa konsuli na gavana wa Britania. Mtu wa hadhi hiyo siku hizi angetarajia ubalozi. Yeye alikwenda kukagua mabomba. Akaandika mwongozo wa kazi yake, kwa sababu, anasema, hakuna aibu kwa kiongozi kama kuendesha ofisi kwa kutegemea maelekezo ya wasaidizi wake. Nimeusoma mwongozo huo zaidi ya mara moja na sijui maandishi ya kale yanayofanana zaidi na asubuhi ya kawaida kwenye ofisi ya mamlaka ya maji.

Alikuta mifereji tisa ikiingiza maji mjini. Matao ndiyo yanayopigwa picha, lakini sehemu kubwa ya mifereji hiyo ilipita chini ya ardhi. Aqua Marcia, ulioanza kujengwa mwaka 144 KK, una urefu wa km 91, na km 80 kati yake zimefukiwa. Kuutunza kulihitaji watu wanaojua kila mlango wa kushukia, na watu hao walikuwapo: genge la kwanza la watumwa 240, waliorithiwa kutoka kwa Agrippa, mkwewe Kaisari Augustus, na genge la pili la 460 lililoongezwa na Claudius. Jumla 700. Kulikuwa na wanyapara, walinzi wa matangi ya kugawia maji, wakaguzi wa kutembea njiani, mafundi wa kupanga mawe, wapiga lipu. Baadhi walikaa nje ya mji ili wawahi penye hitilafu ndogo. Wengine waliwekwa katika mitaa ya mjini ili maji yaweze kuhamishwa haraka yanakohitajika, hasa moto ukitokea.

Na kama ilivyo kwa genge lolote la umma, wakubwa walikuwa wakiwachukua kwenda kuwafanyia kazi za majumbani kwao. Frontinus aliwarudisha kwa dawa rahisi. Siku moja kabla, aliandika kila kundi litafanya nini kesho. Jioni aliandika limefanya nini. Karatasi ya kazi, basi. Sidhani kama kuna anayeuza picha ya karatasi ya kazi ya mwaka 97, lakini kwangu hiyo inazidi tao lolote.

Halafu adui wa pili: wizi. Maji ya mtu binafsi yalitolewa kwa kibali cha Kaisari, na kipimo chake kilikuwa mdomo wa shaba wenye upana maalumu, uliopigwa muhuri na kufungwa kwenye tangi. Frontinus akaanza kuipima midomo hiyo na kukuta mingine imepanuka kuliko kibali, mingine haina muhuri kabisa. Kibali kilipohamia kwa mmiliki mpya, mafundi walitoboa tundu jipya kwenye tangi na kuliacha la zamani wazi, wakauza maji yake kwa faida yao. Chini ya barabara za mji mzima alikuta mabomba ya siri yakipeleka maji kwenye biashara za watu njiani, na kulikuwa na mtu aliyejulikana kabisa kwa kazi ya kuyatoboa. Vishoka si uvumbuzi wa Dar es Salaam. Wizi ulikuwa mkubwa kiasi gani? Frontinus anasema pima mwenyewe kwa wingi wa madini ya risasi yaliyopatikana mabomba hayo yalipong'olewa. Maji hayo yote yalikuwa yamepunguzwa kwenye mabirika 591 ya umma, ambako mtu asiye na kibali alichota yake.

Adui wa tatu alikuwa mti. Sheria iliamuru kuachwa wazi futi 15 kila upande wa matao na chemchemi, na futi 5 penye mfereji wa chini ya ardhi. Watu walijenga humo, wakazika humo, wakapanda miti humo, na mizizi ikapasua kuta. Nyumba kwenye hifadhi ya miundombinu, tunaijua hadithi hiyo. Matengenezo nayo yalikuwa na ratiba: si wakati wa joto kali, mji ukiwa na kiu, na mfereji mmoja kwa wakati mmoja ili mingine iendelee kuhudumia. Mzee huyu alijivuna pia. Anamwambia msomaji alinganishe mifereji hii yenye faida na piramidi zilizokaa bure, na kazi za Wayunani, maarufu lakini zisizo na matumizi. Ni majivuno ya mtunza stoo, nami nampa haki yake.

Adui wa nne hakuonekana kwa macho. Maji yanayotoka kwenye miamba ya chokaa yana tabia inayojulikana na kila mwenye birika: huacha ukoko mweupe. Mfereji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, ulijengwa karne ya 1, na ndio uliovuka mto Gardon juu ya Pont du Gard, daraja la ghorofa tatu lenye kimo cha m 49. Mfereji wote ni km 50, na tangu chemchemi hadi mjini maji yalishuka m 12.6 tu. Hiyo ni wastani wa sm 25 kwa kila km. Mteremko mdogo namna hiyo hausamehe uzembe. Ukoko uliganda kwenye kuta za njia ya maji, mahali pengine ukafikia karibu nusu mita kila upande, katika njia yenye upana wa mita moja na kidogo. Walipoacha kukwangua, maji yalipungua mpaka yakakoma.

Pont du Gard bado limesimama. Mfereji ulikufa daraja likiwa zima. Anayetaka kujua kwa nini sikubaliani na ile picha ya WhatsApp aanzie hapa: jengo lilidumu, huduma ikafa. Na hata jengo lilipona kwa kuwa watu waliendelea kulipa kazi. Zama za kati walilitumia kuvukia mto kwa kulipa ushuru, wakachonga nguzo za ghorofa ya pili ili magari yapite.

Ukoko huo ulikuwa na maisha ya pili Ujerumani. Mfereji wa Cologne, uliotoka milima ya Eifel umbali wa km 95 hivi, uliachwa mnamo karne ya 3. Karne nyingi baadaye wajenzi wa makanisa waligundua kwamba chokaa iliyoganda ndani yake ilikuwa nene na ngumu, na ikisuguliwa inang'aa mistari ya kahawia. Wakaichimba na kuikata nguzo na mabamba ya madhabahu, wakaitumia badala ya marumaru. Uchafu ambao mafundi wa Kirumi wangetumwa kuukwangua ukawa pambo la nyumba ya Mungu.

Kuhusu Roma yenyewe, tumezoea kusikia kwamba washenzi walikuja wakaharibu kila kitu. Mwaka 537 Wagothi wa mfalme Vitiges walipouzingira mji waliikata mifereji, hilo ni kweli. Belisarius, jemadari aliyekuwa ndani, naye akaiziba kwa kuta, kwa sababu nzuri: mwaka uliotangulia yeye mwenyewe aliuteka mji wa Naples kwa kupitisha askari ndani ya mfereji wa maji. Vinu vya kusaga nafaka, vilivyokuwa vikizungushwa na maji ya mfereji, vikasimama. Akafunga mashua mbili mbili mtoni Tiber, akaweka gurudumu la kinu katikati, mkondo ukasaga. Adui akatupa magogo na maiti ili kuyavunja. Yeye akatandaza minyororo kuvuka mto kuyazuia.

Lakini kukatwa si kufa. Mifereji ilikuwa imeshakatika mara nyingi kabla ya hapo. Papa Hadrian I aliitengeneza kadhaa katika karne ya 8, na Aqua Virgo, aliouleta Agrippa mwaka 19 KK, haukuachwa kabisa. Ulikarabatiwa tena karne ya 15 na ya 16, na maji ya njia hiyo ndiyo yanayomwagika leo kwenye chemchemi ya Trevi. Iliyokufa ni ile ambayo hapakuwa tena na hazina wala genge la kuifuata. Kilichomaliza majengo ya juu ya ardhi hakikuwa Wagothi pia. Wakazi wenyewe waliyavunja mawe kwa kujengea, na marumaru waliichoma kwenye tanuri kupata chokaa. Mwanzoni mwa karne ya 16 msanii Raphael alimlalamikia Papa Leo X kwamba sanamu na mapambo ya kale yanageuzwa chokaa.

Ukivuka bahari kuja Afrika utakuta kesi ninayoipenda kuliko zote. Carthage, Tunisia ya leo, ulipata maji kutoka mlima Zaghouan kwa mfereji wa karne ya 2 ambao pamoja na matawi yake unafikia km 132. Ulivunjika, ukaachwa. Karne ya 13 sultani al-Mustansir wa nasaba ya Hafsid akaufufua, akapeleka maji Tunis na kwenye bustani zake. Ukalala tena. Karne ya 19, chini ya mtawala wa Tunis, Muhammad as-Sadiq Bey, chanzo kilekile kikarudishwa kuhudumia Tunis, mabomba mapya yakiongezwa. Warumi, Waislamu wa Hafsid, Bey wa zama za mvuke: kila mmoja alikuta kazi imelala akaiinua. Tukiuita wa Kirumi tu tunawanyang'anya wengine jasho lao.

Kuna barabara moja ya Kirumi iliyotugusa hata sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, na haikuwa na jiwe la kupanga hata moja. Pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa vilitoka Rhapta, bandari ya kusini kabisa ya Azania iliyotajwa na mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1. Bidhaa za namna hiyo zilizopanda Bahari ya Shamu hadi bandari ya Berenike zilivuka jangwa la Misri kwa ngamia hadi Koptos, mtoni Nile. Maili 257, anasema mwandishi wa Kirumi Plinius, siku 12, na sehemu kubwa mwendo wa usiku kwa sababu ya jua. Njia ilikuwa jangwa lililofagiliwa tu. Kilichoifanya iwe barabara ni visima vilivyochimbwa vituo kwa vituo, ngome za walinzi, na mtu wa kufukua mchanga kisimani. Na ushuru, bila shaka: bamba la Koptos la mwaka 90 linamtoza nahodha wa Bahari ya Shamu drakma 8, na mwanamke wa biashara ya mwili drakma 108.

Swali la nani alibeba mzigo ndilo ninaloliona limefunikwa zaidi na sifa za mawe. Magenge ya Frontinus walikuwa watumwa. Barabarani waliobeba walikuwa wanakijiji. Msafiri wa serikali alikuwa na haki ya kudai gari, mnyama na malazi. Sagalassos, katika Uturuki ya leo, imepatikana amri ya gavana ya mwanzoni mwa utawala wa Kaisari Tiberius: wenyeji wawe tayari na magari kumi na nyumbu idadi hiyohiyo kwa wapitao, walipwe kwa kiwango fulani kwa umbali, wakubwa na askari walale bure. Gavana anaanza kwa kulalamika kwamba analazimika kurudia katazo ambalo wakuu wake walikwisha kulitoa, la kutumia magari ya watu bila kulipa. Amri isiyovunjwa hairudiwi.

Miaka 200 na zaidi baadaye, mwaka 238, wanakijiji wa Skaptopara, katika Bulgaria ya leo, walimwandikia Kaisari Gordian III. Kosa lao lilikuwa kuishi pazuri: wana chemchemi za maji moto, wako kati ya kambi mbili za jeshi, na karibu yao kuna gulio maarufu. Askari waliacha njia waliyopangiwa, wakajaa kijijini wakidai malazi na chakula bila kutoa senti. Magavana walikataza, kwa muda wakatulia, kisha wakarudi. Nyumba zilikuwa nyingi, sasa chache, wanasema, na hali ikiendelea hivi watahama makazi ya mababu zao, na hazina itakosa kodi. Barua ilipelekwa na mwanakijiji mwenzao aliyekuwa askari, maana bila mtu wa ndani haifiki.

Jibu la Gordian lilikuwa fupi, kwa Kilatini: shauri hilo lipelekwe kwa gavana. Yaani lirudi kwenye ofisi ileile ambayo makatazo yake yalikuwa yameshapuuzwa na askari. Aliyewahi kuzungushwa dirisha hadi dirisha akiwa na faili mkononi hahitaji mkalimani.